Hologramu au nukta nyekundu: kipi kinadumu kwenye bunduki ya mchezo?

Waswahili wenzangu tulioko Marekani tunaopiga shabaha mwishoni mwa juma kwa starehe, swali linalofuata baada ya kununua bunduki huwa lilelile: nifunge nini juu yake? Dukani utaonyeshwa vifaa viwili vya kulengea ambavyo kwa macho ni ndugu. Vyote viwili havikuzi kitu. Vyote vinakuonyesha alama nyekundu inayoelea mbele yako, ukiipandisha juu ya karatasi na kuvuta kifyatuo, risasi inakwenda palepale. Kimoja kinauzwa dola 150, kingine dola 700, na muuzaji atakwambia cha 700 ndicho wanachotumia makomando. Hasemi uongo. Ila komando ana fundi wa silaha kambini, na kifaa kikichoka anapewa kingine. Wewe utakaa nacho miaka kumi na tano, halafu utamwachia mwanao.

Nitoe msimamo mapema ili asiyetaka maneno mengi aende zake: kwa mpiga shabaha wa kawaida, nukta nyekundu inayotumia taa ya LED ndiyo ya kuaminika zaidi. Hologramu ina mahali pake na nitapataja. Lakini anayeinunua kwa kudhani ni ngumu kuharibika amekosea sababu. Kinachoimaliza hologramu ya raia ni umri, na kwenye kabati la nyumbani vitu huzeeka kuliko vinavyochakaa.

Ndani kuna nini

Nukta nyekundu ni kifaa chepesi kukielewa. Kuna kitaa kidogo cha LED kimefichwa pembeni, kinarusha mwanga kwenye kioo cha mbele. Kioo hicho kimepakwa utando unaorudisha ile rangi nyekundu jichoni na kuziacha rangi nyingine zipite. Basi, hakuna zaidi. Aimpoint, kampuni ya Malmö huko Sweden, ilianza kuuza kifaa cha namna hii mwaka 1975. Tangu hapo kanuni ni ileile, isipokuwa LED imejifunza kuishi kwa umeme kiduchu.

Hologramu ni habari nyingine kabisa. Chanzo chake ni leza. Mwanga wa leza unageuzwa na kioo kimoja, unanyooshwa na kingine, unapita kwenye bamba lenye mistari myembamba isiyoonekana kwa macho, ndipo unalifikia dirisha unalochungulia. Humo ndani picha ya alama imerekodiwa kwenye utando uliobanwa katikati ya vipande vya kioo. Utaalamu huu ulitokea kwenye taasisi ya utafiti ya ERIM, Ann Arbor, Michigan, ukazaa kampuni ya EOTech, na kifaa cha kwanza cha kuuzwa kwa raia kilitoka mwaka 1996 kikibeba jina la Bushnell. Leo majina mawili ndiyo utakayokutana nayo zaidi dukani: EOTech, na Vortex kwa kifaa chake cha Razor AMG UH-1.

Hapa watu hujichanganya sana. Holosun, pamoja na jina lake, inajulikana kwa nukta za LED, si hologramu. Kifaa chake cha HS510C kina dirisha la mraba na alama ya duara lenye nukta katikati, kwa hiyo mtu anakishika na kuapa kwamba ameshika hologramu. Hapana, ni LED. Na ni LED nzuri, kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa.

Hologramu ina jambo moja ambalo hakuna LED inayoliweza. Kwa kuwa kila sehemu ya utando imebeba picha nzima, dirisha likipasuka au likizibwa tope nusu, alama bado inaonekana kwenye sehemu iliyobaki wazi. Kwa askari hilo ni jambo kubwa. Kwako wewe ambaye kioo kikipasuka utafunga begi na kurudi nyumbani, sijui kama lina thamani ya dola 500 za ziada.

Betri: takwimu zinazotisha bure

Mabishano yote ya vijiweni huanzia hapa, kwa hiyo tuweke namba mezani. EOTech XPS2 na EXPS2 hutumia betri moja ya CR123, na kiwandani wanasema inatoa takriban saa 1,000, sawa na siku 41 mfululizo. Kaka yao mkubwa wa betri za AA, EOTech 512, anafika kama saa 2,500 ukimtilia za lithiamu. Sasa angalia upande wa pili. Aimpoint Micro T-2 inatoa saa 50,000 kwa betri bapa ya CR2032, yaani zaidi ya miaka mitano ikiwaka usiku na mchana. Aimpoint PRO ni saa 30,000. SIG Romeo5, ambayo ni ya bei ya chini, inatajiwa saa 40,000.

Ukiziangalia hivyo unaona mchezo umekwisha. Lakini fanya hesabu ya maisha yako. Hologramu inajizima yenyewe: EOTech ukiiwasha kwa mshale wa juu inazima baada ya saa 8, ukiiwasha kwa mshale wa chini baada ya saa 4, Vortex inasubiri saa 14. Tuseme unakwenda uwanjani mara mbili kwa mwezi na kila mara unasahau kuizima. Umetumia saa 16. Saa 1,000 zingekuchukua miaka mitano! Kwa mlinzi anayeacha bunduki tayari mlangoni usiku kucha, tofauti ya betri ni ya uhai na kifo. Kwa mchezo ni ya dola chache kwa mwaka.

Pamoja na hayo, hizo saa 1,000 zina masharti yake. Zimepimwa kwenye joto la chumbani na mwanga wa kiwango cha 12. Mchana wa jua kali, ukilenga karatasi nyeupe, kiwango cha 12 hukioni vizuri. Utapandisha, na leza ikipandishwa inakula. Baridi nayo inapunguza nguvu ya betri, hasa AA za kawaida zisizo za lithiamu. Halafu kuna kitufe. Kifaa cha kubonyeza hakizimiki kabisa, kinabaki kikisubiri kidole chako na kunyonya kidogokidogo. Bunduki ikikaa kabatini kuanzia Novemba hadi Aprili, toa betri. AA za kawaida ukizisahau humo zinaweza kuvuja na kula vibati vya kugusia betri, na hapo umeharibu kifaa cha mamia ya dola kwa sababu ya betri ya dola moja.

EOTech inakupa onyo: betri ikikaribia kuisha, alama inapepesa unapoiwasha. Ukiona inapepesa au inazimika na kuwaka wakati bunduki inapiga teke, badilisha betri kabla hujaanza kulaumu kiwanda. Wengi hudhani kifaa kimekufa kumbe kina njaa.

Nukta za bei nafuu zimelitatua jambo hili kwa namna nyingine. Romeo5 ikitulia dakika 2 inazima, ukiigusa tu inawaka. Holosun wana kitu kama hicho, na baadhi ya mifano yao ina kibamba cha jua juu. Mimi kibamba cha jua nakiona pambo, lakini kule kuwaka kwa kuguswa ni jambo la maana kwa mtu msahaulifu.

Joto, baridi, na kesi ya 2015

Anayetaka kununua hologramu lazima aijue habari hii, na si kwa uvumi. Novemba 2015, kampuni ya L-3, ambayo wakati huo ndiyo iliyoimiliki EOTech, ilikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 25.6 kumaliza kesi iliyofunguliwa na mwendesha mashtaka wa shirikisho wa Manhattan. Madai yalikuwa kwamba vifaa viliuzwa kwa jeshi na polisi kama vinavyofanya kazi kwenye baridi kali na joto kali, ilhali kampuni ilijua kwa miaka kwamba kuna kasoro. Shirika la FBI lenyewe lilikuwa limeligundua tatizo la joto na kulipeleka kwa kampuni mwaka huohuo. Baada ya hapo kampuni ikafungua mlango wa kurudisha fedha, na raia wengi wakarudisha vifaa vyao.

Kasoro zilikuwa za aina tatu. Ya kwanza: joto likibadilika sana, alama inahama, na kifaa kinaelekeza pengine kuliko pale ulipokiweka ziro, yaani ulipokirekebisha ili risasi iende alama ilipo. Ya pili: kwenye baridi alama inavurugika na kupoteza umbo. Ya tatu, ambayo haisemwi sana lakini kwangu ndiyo kubwa: unyevu unaingia ndani, na alama inafifia polepole.

Ya kwanza ina sababu ya kisayansi iliyo wazi. Leza ikipata joto au baridi, urefu wa wimbi la mwanga wake unabadilika kidogo. Hologramu nayo inaupinda mwanga kulingana na urefu huo wa wimbi. Wimbi likibadilika, pembe inabadilika, alama inahama. Ndiyo maana kuna lile bamba la mistari ndani: kazi yake ni kufidia. Likifidia vizuri huoni kitu, lisipofidia, unakosa. LED kwenye nukta nyekundu nayo inabadilika rangi kidogo kwa joto, lakini kioo kinachorudisha mwanga hakijali, kinaurudisha kwa pembe ileile.

Sasa kwa mpiga shabaha wa kawaida hilo lina uzito gani? Kuhama kulikotajwa wakati ule kulikuwa kama MOA 4 (MOA ni kipimo kidogo cha pembe cha wapiga shabaha) kutoka joto la chumbani hadi kwenye vikomo vya baridi au joto. MOA 1 ni karibu sentimita 3 kwa mita 100, kwa hiyo MOA 4 ni sentimita 12 hivi. Ukipiga sahani ya chuma yenye upana wa sentimita 30 kwa mita 50, hutajua kama kuna kilichotokea. Ukipiga karatasi kwa mita 100 ukitafuta matundu yagusane, utajua, na utaumia.

Kwa walioko Minnesota au Maine, ambako Januari inashuka nyuzi 20 chini ya sifuri, kuna jaribio ambalo halihitaji hata risasi nyingi. Funga alama za chuma za kulengea pamoja na kifaa chako. Julai, bunduki ikiwa tupu na imekaguliwa, iweke kwenye mifuko ya mchanga pale uwanjani, chungulia kupitia tundu la nyuma hadi ncha ya mbele ikae katikati, kisha tazama alama nyekundu imekaa wapi ukilinganisha na ile ncha. Iandike. Januari, bunduki ikishapoa nje kwa saa nzima, rudia hivyohivyo. Alama ikiwa imeinama pembeni wakati chuma kiko palepale, umepata jibu. Ukitegemea matundu ya karatasi peke yake utadanganyika, maana baridi inapunguza pia kasi ya risasi.

Haki isemwe: EOTech ilibadilisha bidhaa zake baada ya kesi, L3Harris, iliyozaliwa L-3 ilipoungana na Harris, iliiuza kampuni mwaka 2020, na vifaa vinavyotoka sasa si vile vya 2010. Nisingemkataza mtu kununua kipya. Ninachokataza ni kile cha dola 300 kilichotumika, cha "bado mpya kabisa ndugu yangu", kilichotoka kiwandani kabla ya 2016.

Unavyokikagua kilichotumika

Muuzaji akikupa ukikague mkononi, usianzie kwenye jua. Ingia nacho mahali penye giza, kiwashe kwenye mwanga wa chini kabisa. Alama iwe imekamilika pande zote. Duara likiwa limefifia upande mmoja, mrudishie. Kisha washa tochi ya simu, imulike dirisha kwa ubavu, na uangalie kingo za kioo. Unatafuta weupe wa maziwa, vipovu, au mstari kama wa mafuta unaoingia ndani kutoka pembeni. Hapo vipande vya kioo vimeanza kuachana na unyevu umeanza kuingia. Hakuna fundi wa mtaani anayelitengeneza hilo. Mwisho, fungua kifuniko cha betri utazame vibati kama vina kutu ya kijani, kirudishe, kiwashe, na ukigonge ubavuni kwa kiganja. Alama isipepese.

Nukta nyekundu iliyotumika haihitaji ukaguzi mrefu hivyo. Inawaka au haiwaki, kioo kimekwaruzwa au hakijakwaruzwa, vitufe au gurudumu la mwanga linashika kila hatua. Urahisi huo ndio ninaousema tangu mwanzo.

Kuna na feki. Mtandaoni hologramu "ya EOTech" kwa dola 60 ipo tele. Zimetengenezwa kwa bunduki za kuchezea zinazorusha vidonge vya plastiki. Ndani ni LED, na zinajitangaza zenyewe: zina kitufe cha kubadilisha alama kutoka nyekundu kuwa kijani. EOTech halisi utainunua ya nyekundu au utainunua ya kijani, haibadiliki.

Macho yako ndiyo yanayoweza kubadili uamuzi

Hapa ndipo hologramu inapopata mahali pake. Watu wengi wana astigmatizimu, yaani konea ya jicho haikupinda sawasawa pande zote, na wengi wao hawajijui. Mtu wa namna hiyo akichungulia nukta ya LED haoni nukta, anaona koma, au nyota iliyolipuka, au nukta mbili zilizoshikana. Anarudisha kifaa dukani akisema kibovu. Kabla hujarudisha, kipige picha kwa simu ukiipitisha kamera nyuma ya kioo. Picha ikionyesha nukta safi ya duara, tatizo ni jicho lako. Au chungulia kupitia tundu dogo la alama za chuma. Nukta ikikusanyika, jibu ni hilohilo.

Kwa wengi wa watu hao hologramu inaonekana safi zaidi, ingawa ukiitazama kwa makini ina chembechembe kama za mchanga, na hiyo ni tabia ya leza. Nukta ya katikati ya EOTech ni MOA 1 tu ndani ya duara la MOA 68, kwa hiyo ukiweka lenzi ya kukuzia mara 3 nyuma yake bado unaona kitu kidogo kinachofaa kulengea mbali. Wanaoshindana kwenye mechi za kukimbia na kupiga wanalipenda lile duara, kwa sababu jicho linalikamata haraka.

Lakini kabla ya kutoa dola 700 kwa ajili ya macho, ijaribu njia ya tatu: vifaa vya prizimu visivyokuza, kama vile SLx vya Primary Arms. Alama yake imechongwa kwenye kioo chenyewe, na kuna gurudumu la kurekebisha kulingana na jicho lako. Betri ikifa, alama inabaki palepale ikiwa nyeusi. Kwa uimara wa aina ninayoizungumzia, prizimu inazipiku zote mbili. Ubaya wake ni kwamba kichwa lazima kikae mahali pamoja nyuma ya kioo. Ukiinama vibaya unaona giza. Kwa anayepiga akiwa ameketi mezani, si tatizo.

Pesa na dhamana

Bei hubadilika, lakini ngazi zake ni hizi: Romeo5 na ndugu zake ziko kwenye dola 120 hadi 200, Holosun zinafika 300 na kitu, Aimpoint PRO inazunguka 450 hadi 500, hologramu za EOTech na Vortex ni 500 hadi 700 na zaidi, na Aimpoint T-2 inapita hata hizo.

Kama moyo wako umeng'ang'ania hologramu, mimi ningeangalia dhamana kabla ya kioo. Vortex inatoa dhamana isiyo na kikomo cha miaka, haidai risiti, na inakifuata kifaa hata kikiuzwa kwa mtu mwingine. Kwa teknolojia ambayo adui wake ni umri, karatasi hiyo ina thamani kuliko tofauti yoyote ya umbo la alama. Wanaopenda EOTech watasema dirisha lake ni safi zaidi na kitufe kinakaa vizuri, na labda ni kweli. Bado ningechukua dhamana.

Na kwa anayeanza, mwenye bunduki moja na macho mazima, dola 150 za nukta nyekundu zinatosha. Zilizobaki nunua risasi. Ukitaka kitu cha kudumu hadi wajukuu, weka akiba ununue Aimpoint PRO, uifunge, uweke ziro, na uisahau.

Moja la pembeni, kwa sababu huulizwa kila mtu anapojiandaa kwenda likizo nyumbani. Vifaa hivi vinasimamiwa na sheria za Marekani za kusafirisha bidhaa nje, na kumpelekea mjomba Nairobi au Arusha bila leseni, hata kikiwa peke yake bila bunduki na kimefungwa kwenye soksi ndani ya sanduku la nguo, ni kosa la shirikisho. Huko uendako nako utaulizwa kibali. Kama mjomba ana leseni ya bunduki ya kuwindia na anataka kifaa, aagize mwenyewe kupitia duka la silaha lililosajiliwa nchini kwake.